Ngome za Mto Rhine, na Jinsi ya Kuipanga Safari kwa Gari la Moshi

Mtu akisema, "Nakwenda Ujerumani kuziona ngome za mto Rhine," amesema jambo jema, lakini safari bado hajaipanga. Mto huo una urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, nao hupita katika nchi kadha kabla ya kuingia baharini. Sehemu yenye ngome nyingi ni kipande kidogo tu cha mto, kilomita 65 hivi, baina ya miji ya Bingen na Rüdesheim upande wa kusini na mji wa Koblenz upande wa kaskazini. Hapo milima imeubana mto pande zote mbili, na juu ya majabali yake zimesimama ngome na magofu ya ngome yapatayo arobaini. Hapana mtu awezaye kuingia katika ngome arobaini kwa siku mbili, wala hapana haja. Wako watu wajaribuo, nao hurudi miguu ikiwauma, fedha zimekwisha, wasiweze kukumbuka ni ngome ipi iliyokuwa na kisima na ipi iliyokuwa na mnara.

Basi leo tutazungumza habari za msafiri mwenye siku mbili, au tatu akijaliwa, na mfuko usiojaa sana. Tuseme mwanafunzi wetu aliyekwenda kusoma huko, pamoja na wenzake wanne. Yeye atasafiri kwa gari la moshi. Nasema gari la moshi kwa mazoea yetu tu, kwa maana magari ya bonde hilo huendeshwa kwa umeme, wala hayana moshi hata chembe.

Jambo la kwanza ni kuufahamu mto wenyewe. Katika bonde hili mto Rhine huteremka kwenda kaskazini, kama Nili. Wajerumani husema "ukingo wa kulia" na "ukingo wa kushoto" kwa kufuata mwendo wa maji: jigeuze uelekee maji yaendako, na mkono wako wa kuume utakuonyesha ukingo wa kulia, ndio upande wa mashariki. Kila ukingo una reli yake. Ya kushoto ilifunguliwa baina ya Koblenz na Bingen mwaka 1859, na ya kulia ilikamilika mwaka 1862. Sasa angalia sana neno hili: baina ya Koblenz na miji ya Mainz na Wiesbaden hapana daraja hata moja la kuvukia mto. Lilikuwako daraja la reli karibu na Bingen, likavunjwa vitani mwaka 1945, wala halikujengwa tena. Atakaye kuvuka hana budi kushuka hata majini na kungoja pantoni. Ziko pantoni kadha, kama ile ya Kaub, na ya St. Goar kwenda St. Goarshausen, na ya Boppard, na ya Bingen kwenda Rüdesheim. Kwa hiyo msafiri apandaye gari katika ukingo usio wake aweza kuiona ngome aitakayo ikimtazama kutoka ng'ambo, asiifikie ila baada ya saa nzima au zaidi.

Lakini shida hiyo ndiyo iletayo kunga ya safari yenyewe. Ngome iliyo juu ya kichwa chako huioni, jabali hukufichia. Uzionazo vizuri kutoka dirishani ni zile za ng'ambo. Basi atakaye kuliona bonde lote na apande kwa ukingo mmoja na kurudi kwa ukingo wa pili, kama mtu azungukaye shamba lake. Nami nashauri kwenda kusini kwa reli ya kulia na kurudi kaskazini kwa upande wa kushoto. Ukifanya hivyo, mto utakuwa mkono wako wa kuume wakati wa kwenda, na mkono wako wa kuume vile vile wakati wa kurudi. Keti dirishani upande huo, nawe hutahitaji kuuliza mtu.

Sasa tuulize: kwa nini watu walijenga ngome nyingi namna hii mahali pamoja? Wengi hudhani kwamba zilikuwa za vita tu. Vita vilikuwapo, lakini sababu kubwa ilikuwa ushuru. Zamani barabara za Ulaya zilikuwa matope na mashimo, na bidhaa nzito, kama divai, chumvi, mbao na nafaka, zilipita mtoni. Chombo kilichopita katika bonde jembamba hakikuwa na njia ya kukimbilia. Bwana mwenye jabali juu na mnyororo chini aliweza kusimamisha kila jahazi na kusema, "Lipa kwanza." Na jirani yake, mwendo wa saa chache mbele, alisema vile vile. Mfanya biashara aliyepakia divai ililipiwa mara nyingi hata kufika mjini, na mnunuzi ndiye aliyebeba mzigo wote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ngome ya Pfalzgrafenstein, iliyo katikati ya mto mbele ya mji mdogo wa Kaub. Mfalme Ludwig wa Bavaria aliuanza mnara wake mwaka 1326 au 1327 juu ya mwamba ulio majini. Ukuta ulioongezwa kuuzunguka una umbo kama la merikebu ya mawe, na ncha yake imeelekezwa upande maji yatokako, ipate kupasua vipande vya barafu wakati wa baridi. Ngome hii haikuwa makao ya bwana mkubwa wala kanisa; ilikuwa nyumba ya forodha, basi. Ushuru ulitozwa hapo hata mwaka 1867, yaani kwa zaidi ya miaka mia tano. Mwaka uliofuata, 1868, nchi zenye kupakana na mto zilitia sahihi Mkataba wa Mannheim, uliothibitisha kwamba vyombo vipite bila ya kutozwa ushuru wa kupita. Na mkataba huo wadumu hata leo. Katika habari hii ya vijifedha vya Wajerumani sisi nasi tuna ukumbusho wetu: neno hela, tulisemalo kila siku sokoni, latokana na Heller, sarafu yao ndogo iliyoletwa Afrika ya Mashariki mwaka 1904, rupia moja ikiwa heller mia.

Mwenye kuijua habari ya ushuru hatazitazama ngome kama picha tu. Atatazama mto umepinda wapi, maji yamekuwa membamba wapi, ndipo atakapoinua macho na kuikuta ngome, mara nyingi mahali pale pale alipodhani.

Tena yafaa kujua kwamba ngome hizi si za namna moja. Ziko ambazo hazikupata kubomolewa, nazo ni chache mno. Ziko zilizobaki magofu. Na ziko zilizobomolewa, kisha zikajengwa upya na matajiri. Mwaka 1689 majeshi ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, yalipita katika nchi hii yakilipua na kuchoma. Stahleck, Stolzenfels, Schönburg, zote ziliangamia mwaka huo. Zikakaa magofu zaidi ya miaka mia. Ndipo katika karne ya 19 Wajerumani wakaanza kuyapenda magofu, wakaimba habari zake, na wana wa wafalme wa Prussia wakayanunua na kuyajenga tena kwa namna walivyodhani watu wa kale walijenga. Rheinstein ilimalizika mwaka 1829, na Stolzenfels mwaka 1842. Hii ya pili hata jina haiitwi Burg, ndiyo ngome, bali Schloss, ndiyo kasri. Nao Wajerumani huzitofautisha vizuri, kama sisi tusivyochanganya ngome ya Mombasa na nyumba ya Sultani. Sisemi kwamba kasri ya namna hiyo haifai kutazamwa. Nasema tu kwamba aingiaye humo aona ndoto za mwaka 1840, wala si maisha ya mwaka 1340, na ni vizuri ajue kabla ya kulipa kiingilio.

Hata hadithi mashuhuri ya Loreley, yule msichana akaaye juu ya jabali akichana nywele zake na kuwapotosha mabaharia, si ya kale kama watu wadhanivyo. Mshairi Clemens Brentano ndiye aliyeitunga habari ya mwanamke huyo, mwaka 1801. Jabali lenyewe ni la kale, na hatari ilikuwa ya kweli: lina kimo cha meta 132 juu ya mto, na hapo mto hujikunja na kuwa mwembamba, na kina chake hufika meta 25. Hata leo ziko taa maalum ukingoni za kuwaonyesha manahodha kama chombo kingine chaja kutoka upande wa pili wa kona.

Sasa tuje kwenye tikiti, kwa maana hapa ndipo fedha zipoteapo. Mgeni aliye katika mji wa Köln akienda dirishani na kusema, "Nataka kwenda Frankfurt," atapewa cheti cha gari la mbio, na huenda akalipa fedha nyingi. Gari hilo, tangu mwaka 2002, lina reli yake mpya ipitayo mbali na mto, juu ya vilima, likikimbia hata kilomita 300 kwa saa. Litamfikisha kwa saa moja na kitu, naye hataiona ngome hata moja. Ataona barabara ya magari na kuta za matundu ya milimani. Safari yetu haitaki mbio. Yataka lile gari la pole pole lisimamalo kila kijiji, na kwa bahati njema hilo ndilo la bei nafuu. Katika ratiba magari haya hutiwa alama RB au RE. Yale ya mbio hutiwa alama IC au ICE.

Ziko tikiti mbili zifaazo. Moja ni tikiti ya mkoa, iitwayo Rheinland-Pfalz-Ticket. Ni ya siku moja, na watu hata watano waweza kusafiri kwayo pamoja, kila mmoja aongezwaye akilipiwa kidogo tu. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu ya asubuhi. Jumamosi na Jumapili huanza tangu usiku wa manane. Majina ya wasafiri sharti yaandikwe juu yake, na mkaguzi aweza kutaka kuona cheti cha kitambulisho. Safari yote nitakayoieleza haitoki nje ya mkoa huo. Ya pili ni Deutschland-Ticket, ya mwezi mzima, iliyoanzishwa tarehe 1 Mei 2023 kwa bei ya euro 49, na bei hiyo imepandishwa baadaye. Hiyo yafaa kwa mwenye kukaa huko, kwa maana ni ya kujiandikisha mwezi kwa mwezi, na asiyekumbuka kuikomesha ataendelea kutozwa. Tikiti zote mbili ni za magari ya pole pole tu. Mtu akipanda gari la mbio kwa tikiti hiyo, hata kwa stesheni moja, atahesabiwa kuwa hana tikiti. Pantoni na merikebu hulipiwa mbali.

Na tusemeje juu ya saa? Ratiba za Ujerumani huanza kuhesabu usiku wa manane, nazo huenda moja kwa moja hata ishirini na nne. Mswahili aisomapo 14.25 aweza kutatizika. Kanuni ni rahisi: toa sita, na ikibaki zaidi ya kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. Basi 14.25, ukitoa sita, ni saa nane na dakika 25 za mchana. Na 20.10, ukitoa sita, yabaki kumi na nne na dakika 10. Toa kumi na mbili, yabaki saa mbili na dakika 10 za usiku. Katika stesheni hutundikwa karatasi mbili kubwa. Ya manjano ni ya magari yaondokayo, Abfahrt. Nyeupe ni ya magari yafikayo, Ankunft. Wageni wengi huisoma nyeupe kwa kuwa iko karibu, wakashangaa gari lao halipo. Neno Gleis, pamoja na namba, ndilo likuonyeshalo njia ya reli litakaposimama gari lako. Liko na neno jingine, refu kama behewa: Schienenersatzverkehr. Ukiliona hilo, fahamu kwamba reli yatengenezwa na abiria watachukuliwa kwa mabasi. Matengenezo ya namna hiyo ni mengi siku hizi, na pengine reli ya ukingo mmoja hufungwa kwa miezi. Kwa hiyo yapasa kuuliza kabla ya kuondoka, wala si baada ya kufika.

Haya, twende. Siku ya kwanza twaanzia Koblenz, kwa kuwa reli ya ukingo wa kulia, na ya kushoto, na ya bonde la Mosel, zote hukutana katika stesheni kuu ya mji huo. Jina lenyewe la mji latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mahali mito ikutanapo. Baada ya saa tatu ya asubuhi twapanda gari la ukingo wa kulia. Gari lavuka mto, na muda si muda twaiona kasri ya Stolzenfels ng'ambo, ina rangi ya manjano, imekaa katikati ya miti. Itazame kutoka dirishani, inatosha. Sisi twashuka Braubach, safari ya robo saa hivi.

Hapo Braubach, juu ya kilima, iko Marksburg, nayo ndiyo ningeichagua kama ningeruhusiwa kuingia katika ngome moja tu. Katika ngome za juu ya vilima vya kipande hiki cha mto, ni hiyo peke yake isiyopata kubomolewa na adui. Ingawa mizinga ya Waamerika iliiharibu sana mwaka 1945 kutoka ng'ambo ya mto, baadaye ikatengenezwa. Tangu mwaka 1900 ni mali ya chama cha Wajerumani cha kutunza ngome. Kupanda kwa miguu kutoka stesheni huchukua kama nusu saa, na njia ina mwinuko. Hutaruhusiwa kuzurura ndani peke yako. Utaingia pamoja na kiongozi, na maelezo huchukua karibu saa moja. Utapita katika njia iliyochongwa katika mwamba ili farasi wapate kupanda na wapanda farasi wao. Utaliona jiko na meko yake makubwa, na chumba cha kulala ambacho kitanda chake chafanana na sanduku, kwa sababu ya baridi. Hakuna fahari nyingi. Vyumba ni vidogo, madirisha ni membamba, na mtu afahamu mara moja kwamba bwana wa ngome, pamoja na ushuru wake wote, alikuwa akitetemeka kwa baridi tangu Novemba hata Machi.

Mchana twarudi stesheni, twaendelea na reli ile ile kwenda Kaub. Magari hupita takriban kila saa moja, kwa hiyo aliyekosa moja asihuzunike. Na anunue mkate. Njiani tutauona mji wa Boppard ng'ambo, mahali mto ulipojikunja kama upinde, kisha gofu kubwa la Rheinfels. Baada ya St. Goarshausen gari litaingia tunduni, na hapo wageni huuliza, "Loreley liko wapi?" Nalo liko juu ya vichwa vyao, kwa maana reli ya upande huu imetobolewa katika jabali lenyewe. Tulieni, kesho tutaliona kwa merikebu.

Kaub ni mji mwembamba uliobanwa baina ya mlima na mto. Hapo mashua hupeleka watu katika ngome ya Pfalzgrafenstein, lakini aghalabu siku ya Jumatatu haifunguliwi, na maji yakijaa sana mashua haiendi. Aliyekosa kuingia hakukosa sana, kwa kuwa uzuri wake ni wa nje. Mbele ya ngome hii, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1814, jemadari Blücher alianza kuyavusha majeshi yake kumfuata Napoleon, kwa daraja la mashua; sanamu yake ipo ukingoni. Nasi twavuka, ila kwa pantoni, na kwa nauli kidogo; afadhali kuwa na sarafu mkononi. Uliza mapema pantoni ya mwisho ni saa ngapi, maana hailali ikifanya kazi. Ng'ambo hakuna stesheni. Kutoka hapo mpaka Bacharach ni kilomita tatu hivi, njia tambarare kandokando ya mto, mwendo wa dakika arobaini kwa mtu asiyebeba mzigo mkubwa. Hiyo nayo ni sababu ya kuacha mizigo mizito Koblenz.

Usiku twalala juu ya Bacharach, katika ngome ya Stahleck. Msomaji asidhani kwamba nimesahau habari ya mfuko usiojaa. Ngome hiyo, iliyobomolewa mwaka 1689, ilijengwa upya katika miaka ya 1920 iwe nyumba ya wasafiri vijana, nayo ndiyo kazi yake hata leo. Vitanda ni vya juu na chini kama vya bweni la shule, bei si kubwa kwa nchi ile, na chakula cha asubuhi kimo. Yapasa kuwa na kadi ya uanachama wa nyumba hizo, na kuagiza kitanda mapema, hasa miezi ya likizo. Ngazi za kupandia kutoka mjini ni nyingi. Lakini asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto, na mizabibu ikionekana mstari juu ya mstari mlimani, na chini magari ya moshi ya kingo zote mbili yakipishana kama siafu, mwanafunzi yule ataona kwamba kitanda chake chapita cha hoteli yo yote ya mjini. Ukweli lazima usemwe: magari ya mizigo hupita usiku kucha, na bonde huzidisha mlio wake. Mwenye usingizi mwepesi na achukue pamba ya masikioni.

Siku ya pili twapanda merikebu ya abiria hapo Bacharach. Ziko kampuni kadha. Kongwe ni ile ya Köln-Düsseldorfer, ambayo mwanzo wake ni mwaka 1826. Merikebu hizi hufanya kazi tangu majira ya kuchipua hata Oktoba. Hapa sababu ya kuchagua mzunguko wetu yaonekana tena: twateremka pamoja na maji. Kutoka Bacharach mpaka St. Goar ni kama dakika arobaini, atokaye St. Goar kuja juu, akishindana na maji, atatumia zaidi ya saa moja kwa njia ile ile. Ukingoni zimesimamishwa mbao zenye namba kubwa. Hizo ni kilomita zihesabiwazo tangu daraja la mji wa Konstanz, nazo zafaa kuliko ramani. Bacharach ni 543, Kaub ni 546, Loreley ni 554, na St. Goar ni 556. Mtu akiona 553 na asimame tayari, kwa maana jabali halikai sana machoni.

Juu ya St. Goar iko Rheinfels, nayo ni gofu. Nimeichagua kwa makusudi, ili aliyeona ngome nzima jana aone leo iliyovunjika, kwa kuwa iliyovunjika huonyesha mifupa yake: unene wa kuta, njia za chini ya ardhi, mashimo ya mizinga. Hrabi Diether wa Katzenelnbogen aliianza mwaka 1245, naye alipozidisha ushuru, miji ya mto Rhine ilichoka. Ikafanya shirika, ikaleta watu wake wenye silaha, ikaizingira ngome mwaka 1255 kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ikarudi mikono mitupu. Mwaka 1692 jeshi kubwa la Wafaransa nalo lilishindwa. Lakini mwaka 1794 ngome hii isiyoshindika iliachwa na askari wake pasipo kupiga bunduki, na Wafaransa wakailipua miaka michache baadaye. Watu wa karibu walichukua mawe yake kujengea. Sehemu zake nyingine hufungwa wakati wa matengenezo, basi ulizeni chini mjini kabla ya kupanda. Alasiri, gari la ukingo wa kushoto litawarudisha Koblenz kwa nusu saa hivi, mto ukiwa kuume kama tulivyosema.

Neno moja juu ya majira. Miezi bora ni Mei, Juni na Septemba. Mwezi wa Juni jua halitui hata saa tatu na nusu ya usiku, ila mwezi wa Desemba huzama saa kumi na nusu ya jioni, merikebu hakuna, na ngome nyingi zimefungwa. Wakati wa kiangazi kikali maji hupungua. Mwezi wa Oktoba 2018 kipimo cha Kaub kilishuka hata sentimeta 25. Hiyo si kusema kwamba mto ulibaki na kina cha shubiri moja, kwa maana sifuri ya kipimo haiko chini kabisa, na mkondo wa merikebu una zaidi ya meta moja chini yake. Lakini vyombo vya mizigo vilipunguza shehena sana, na vingine vikasimama. Mwaka wa namna hiyo weka gari la moshi badala ya merikebu. Reli ya kushoto hupita mbele ya jabali la Loreley, nawe utaliona ng'ambo.

Aliye na siku ya tatu asirudi Rhine. Na apande gari la bonde la Mosel, mto mdogo zaidi na wenye kujipinda zaidi, akae upande wa kushoto, ashuke Moselkern. Kutoka hapo, kwa miguu, kwanza kupita kijijini kisha kufuata kijito msituni, ni kama saa moja na nusu mpaka ngome ya Eltz. Njia haikuonyeshi kitu. Miti tu na maji. Halafu mara moja, kwenye kona, ngome yote husimama mbele yako juu ya mwamba wake, minara na mapaa marefu yamesongamana, na kijito kimeizunguka pande tatu. Hiyo haikulipuliwa mwaka 1689, wala haikujengwa upya na tajiri. Ni ya ukoo ule ule tangu karne ya 12, vizazi zaidi ya thelathini. Zamani ukoo uligawanyika matawi matatu, na kila tawi likajenga nyumba yake ndani ya ukuta mmoja, ndiyo maana yaonekana kama mji mdogo. Picha yake ilichapwa katika noti ya mark 500 ya zamani. Huwa wazi tangu mwanzo wa Aprili hivi hata mwanzo wa Novemba. Aondokaye Koblenz mapema Jumamosi au Jumapili, tikiti ya mkoa ikimruhusu, atafika kabla ya makundi ya watu wa mabasi, naye atawapishia njiani akishuka, wao wakipanda wakitweta. Magari ya kurudi Koblenz husimama Moselkern takriban kila saa moja. Safari hii mto u mkono wa kuume tena.